Epo la Profesa na Matembele ya Mama Espe

Profesa amekufa, na Mpanda nzima imekubaliana kumsifu. Nilikaa nyuma kabisa, chini ya turubai la kukodi, nikamsikiliza mshereheshaji aliyevaa suti iliyombana makwapani akisoma wasifu wa marehemu kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira. Akasema marehemu ndiye aliyetuletea tunda la epo katika mji huu. Akasema marehemu alikuwa mwalimu wa lishe kabla lishe haijawa na maofisa. Kisha akapangusa paji la uso, akasema kwamba marehemu aliwahi kumwokoa mke wake na mtoto wake kwa maepo, na kwamba mtoto huyo ndiye yule pale mbele, dada yetu Eva, tumpe pole. Watu wakaguna kwa huzuni. Mzee mmoja pembeni yangu, ambaye najua alihamia huku juzi tu na ng'ombe wake, akatikisa kichwa akasema, "Watu wa namna hii hawapo tena." Nikamwambia ni kweli, na moyoni nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Nimekuwa mkunga karibu maisha yangu yote ya kazi, na sasa napumzika. Katika miaka hiyo swali nililoulizwa kuliko yote, na watu waliovaa vizuri na wenye muda, ni kipi bora kati ya tunda na mboga. Wanauliza kana kwamba ni Simba na Yanga. Sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye njaa. Epo ni tunda zuri, sina ugomvi nalo. Lina maji mengi, lina sukari, lina nyuzinyuzi zinazosaidia choo, na lina vitamini C kidogo, kidogo kuliko mapera yanayooza bure uani kwako. Matembele yana vitamini A, yana madini ya chuma, yana ile foliki tunayowapa wajawazito kwa vidonge, na yana nyuzinyuzi zake pia. Lakini chuma cha majani kinaingia mwilini kwa shida, ndiyo maana tunawaambia akina mama wakamulie ndimu au wale papai baada ya kula mboga. Kwa hiyo ukiniuliza kipi bora, nitakuuliza wewe ni nani, una kiu tu au una mimba, na jana ulikula nini. Somo hilo halimalizi hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Profesa alikaa nalo maisha yake yote na hakulielewa.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, barabara zikikatika kila masika, na kitu chochote cha mjini kilikuja kwa treni kutoka Tabora. Nilipata kazi ya kuuza kwenye duka la Profesa, karibu na stesheni, na kwa sababu kwetu ni mbali nikapewa mahali pa kulala nyumbani kwake. Mahali penyewe palikuwa stoo. Nililala kwenye godoro jembamba katikati ya makatoni ya maepo, kila epo limefungwa kwa karatasi laini ya zambarau kama zawadi ya harusi. Wageni wakiingia mle walivuta pumzi wakasema, jamani, pananukia. Mimi nililala na harufu hiyo hadi ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele na kwenye mto, na mpaka leo nikipita dukani nikaisikia nageuza uso upande mwingine.

Jina lake halisi lilikuwa Ladislausi. Uprofesa alijipa mwenyewe, au tuseme walimpa walevi kwa utani na yeye akaupokea kwa mikono miwili. Shule aliishia darasa la saba, jambo ambalo si kosa. Wengi wa watu ninaowaheshimu hawakufika hata hapo. Kisha kwa muda mfupi alifanya kazi ya kuwaandikia wagonjwa kadi kwenye zahanati, na huko akaokota maneno. Aliyaokota kama kuku anavyookota, moja hapa, moja pale. Alijua neno "vitamini", alijua "kinga", alijua "kolesteroli", na alikuwa akiyatamka mbele ya wateja huku akifumba macho. Elimu yake yote nyingine ilitoka kwenye kalenda ya rangi aliyoletewa na waliomuuzia matunda, ikining'inia juu ya kaunta, imeandikwa Kiingereza ambacho hakukisoma. Kulikuwa na picha ya epo jekundu na mtoto wa Kizungu anacheka. Yeye kwa picha hiyo alijua kila kitu.

Sebule yake ilikuwa na kabati la vioo, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na mezani bakuli la maepo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa isipokuwa yeye. Chakula cha jioni kilikuwa ugali na nyama, au mgebuka, samaki wa ziwani kutoka Ikola, aliyekaangwa mpaka akakauka, kwa sababu alipenda kusikia chakula kikilia mdomoni. Mboga za majani hazikuingia mle ndani. Alisema majani ni ya mbuzi. Akiwa na wageni aliongeza kwamba majani ni ya mbuzi na ya watu wa Katumba, wale wakimbizi wa Burundi, wageni wakacheka, naye akajiona amesema jambo. Tukimaliza kula alitoa kisu chake cha kukunja, akamenya epo taratibu, ganda likishuka kama utepe, akalikata vipande na kutugawia kama padre. Huku anagawa, anafundisha. "Epo linasafisha damu," alisema. "Epo linaongeza damu. Mwanamke anayekula epo hazai mtoto mweusi ti." Ganda, ambako ndiko nyuzinyuzi nyingi zilipo, alilitupa nje.

Mke wake, Yustina, alikaa upande wa pili wa meza na hakusema kitu. Alikuwa Mpimbwe wa Kasansa, amenizidi miaka michache tu, mwembamba, na ana namna ya kuinamisha kichwa ambayo watu waliichukulia kuwa ni upole. Haikuwa upole. Alikuwa anasubiri mtu amalize kuongea. Nilikuja kumpenda jikoni, kule nyuma kwenye kibanda cha mabati, ambako alicheka na kuiga sauti ya mume wake akisema "kolesteroli" huku amefumba macho. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita Skola.

Mvua za kwanza zilipoanza alikuwa na mimba. Ikamkataa vibaya. Nyama ilimtapisha, samaki walimtapisha, hata harufu ya mafuta ya kukaanga ilimtoa nje. Kitu pekee alichokitamani kilikuwa matembele yaliyoungwa kwa karanga, kama alivyoyala kwao. Aliniambia hivyo asubuhi moja tukiwa tunaosha vyombo, kwa sauti ya chini kana kwamba anatamani bangi. Jioni akajikaza akamwambia mume wake. Ukuta wa stoo ulipakana na chumba chao na haukufika darini, kwa hiyo nilisikia.

"Nataka tu kidogo," alisema Yustina. "Nitapika mwenyewe, nitakula kule nyuma."

"Mke wangu ale majani, halafu watu waseme nini dukani?" alijibu Profesa. "Mimi nawaambia watu epo linatosha, nyumbani kwangu wanapika tembele. Si nitakuwa mwongo?"

"Maepo hayakai tumboni."

"Kula mawili."

Hiyo ndiyo ilikuwa hekima yake yote, na watu walisafiri kutoka vijijini kuja kuisikiliza.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka letu, alikaa Mama Espe. Alikuwa wa Katumba, aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake mwaka waliokimbia Burundi, na mjini alipanga chumba kimoja nyuma ya stesheni ili auze mboga siku za wiki. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti nene, na aliuza matembele, mchicha, majani ya maboga na ndimu kwenye turubai lililotandikwa chini. Profesa hakumpenda kwa sababu wateja waliotoka kwake walipita dukani kwetu wameshika mafungu ya mboga, na aliona mafungu yale yanamtukana. Kwanza alimwambia ahame. Mama Espe akamwambia barabara ni ya serikali. Basi Jumamosi moja ya mnada, watu wakiwa wengi, Profesa akatoa meza nje, akaweka epo upande mmoja na fungu la matembele upande mwingine, akaanza kuhutubia.

"Hili," akasema akinyanyua epo, "limepanda meli, limepanda lori, limepanda treni. Kitu kibaya kinasafirishwa hivyo?" Watu wakasema hapana. Akanyanyua matembele kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya. "Na hili limetoka wapi? Bondeni. Limepanda nini? Limepanda kichwa cha mwanamke." Watu wakacheka. Akawaambia wanuse hiki, wanuse hiki. Akawaambia waume epo wasikie maji yake, kisha walitafune mchana kutwa hilo jani bichi waone kama litashuka.

Mama Espe alikuwa amekaa kule kwake amekunja mikono. Akasema, bila kunyanyua sauti, "Profesa, na wewe kaanga epo lako na kitunguu, uwape watu na ugali, tuone kama litashuka."

Walicheka zaidi, na safari hii hawakumcheka Mama Espe. Profesa akaingia ndani, akanituma nirudishe meza. Tangu siku hiyo alipomtaja alisema "yule mkimbizi", na hakusema hivyo kwa maana ya kueleza habari.

Mimba ilipofikia miezi ya katikati, Yustina alianza kushika kuta. Anasimama, anashika ukuta, anasubiri dunia itulie, ndipo anatembea. Nikamkuta nyuma ya jiko anakula udongo wa kichuguu, midomo imemjaa vumbi, akaniangalia bila aibu yoyote. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyefua siku nzima. Tukaenda kliniki, mimi na yeye, tukakaa kwenye benchi na wanawake wengine. Benchi la kliniki ni chuo kikuu. Mmoja alikuwa anasema kwao mjamzito haruhusiwi mayai, mwingine anasema mama mkwe wake amekataza papai, mwingine Msukuma kutoka huko mbugani akawauliza, nyie kwani hawa wanaokataza wamewahi kuzaa? Tukacheka sote.

Nesi alikuwa kijana, mfupi, mwenye haraka. Akamvuta Yustina kope la chini, akaangalia viganja, akapima, akakunja uso. "Damu yako iko chini sana," akasema. "Unakula nini?"

Mimi nikajibu, "Maepo."

"Na nini kingine?"

"Maepo," akasema Yustina.

Nesi akaweka kalamu chini. Hakutucheka. Akaeleza polepole kwamba epo ni zuri kwa mtu aliyeshiba, lakini halitengenezi damu ya watu wawili. Akasema majani ya kijani, maharage, dagaa, maini akiyaweza, na ndimu au papai juu yake. Akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwonya asivimeze na chai, akamwambia choo kitakuwa cheusi na asiogope. Nilimtazama yule nesi nikaona mtu anayejua jambo moja kwa uhakika na halitumii kujitukuza. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo karibu. Nadhani nikiwa bado nimesimama pale mlangoni niliamua nitakuwa nani.

Profesa alipoambiwa alicheka. Alimwita yule nesi kasichana. Akasema hao wamekariri tu, yeye amesoma maisha. Kuhusu vidonge alivumilia siku chache, mpaka Yustina kwa ujinga wa ukweli akamwambia kuhusu choo. Hapo Profesa akapata ushahidi. Akavichukua, akavitupa chooni, na kesho yake dukani nikamsikia akimweleza mteja kwamba hospitali wanawapa wajawazito sumu inayounguza utumbo, na kwamba yeye ameikomesha nyumbani kwake kwa epo moja asubuhi na moja jioni. Mteja akanunua kabisa.

Basi tukaanza kwenda kwa Mama Espe. Hatukupanga sana. Mchana Profesa alikuwa analala kidogo baada ya kula, duka tunafunga, na mimi na Yustina tunapita uani, tunazunguka stesheni, tunaingia chumba kile. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda, pazia, jiko la mkaa na picha ya Bikira Maria. Siku ya kwanza Mama Espe hakuuliza kitu. Alimwangalia Yustina uso, akaangalia tumbo, akasema, "Kaa, mwana wanje," yaani mwanangu. Akatwanga karanga mle mle ndani, akaosha matembele, akayachemsha kidogo, akamwagia karanga na kuyaacha yatokote taratibu. Pembeni akakaanga dagaa wa Ikola bila mafuta, na akakata ndimu. Yustina alikula kwa mkono akiinamia sahani, na alipomaliza akapitisha tonge la mwisho la ugali kwenye sahani mpaka ikang'aa. Kisha akakaa ameegemea kitanda, amefumba macho, ananong'ona, "Hayarudi. Skola, hayarudi." Tulisubiri. Hayakurudi. Mama Espe akampangusa jasho kwa kitenge chake. Nimekula kwenye hoteli za semina, kwenye meza zenye vitambaa vyeupe na maofisa wanaozungumzia makundi ya vyakula. Sijawahi kuona chakula kikifanya kazi yake kama kilivyofanya mchana ule.

Wiki zikapita, akaacha kushika kuta. Nani alimwambia Profesa sijui, mji ulikuwa mdogo. Mchana mmoja kivuli kiliziba mlango. Profesa alikuwa amesimama kwenye kizingiti, viatu vyake vimepakwa rangi vizuri, na hakutaka kuingia, ameshika kitambaa puani kwa chakula ambacho hata sisi tusingeweza kukinusa kutoka pale alipo.

"Yustina, toka," akasema. "Mke wangu hali chakula cha wakimbizi."

Hakuna aliyesogea. Mama Espe aliendelea kupepea mkaa. Nilidhani Yustina ataruka, maana nyumbani aliitikia kabla hajaitwa. Alichofanya ni kukata tonge jingine, kulibonyeza kwa kidole gumba, kuchota mboga, na kula. Akala jingine. Mume wake akarudia kumwita, safari hii kwa sauti nyembamba zaidi, na majirani wakaanza kutoka. Yustina akala mpaka sahani ikaisha. Akanawa. Akamwambia Mama Espe asante. Ndipo akasimama akapita mbele ya mume wake bila kumgusa, na Profesa akabaki ameshika kitambaa chake, anamwangalia kila mtu kana kwamba ndiye aliyeonewa.

Hakumpiga. Alikuwa mwoga mno kupiga mtu. Alimleta dada yake kutoka Sumbawanga, mwanamke asiyesinzia, na kuanzia hapo Yustina hakutoka uani peke yake. Miezi ya mwisho, ile ambayo mtoto anavuta damu kuliko wakati wowote, alikaa sebuleni na bakuli la maepo mbele yake. Nilikuwa nikimpitishia nilichoweza, maharage ndani ya chupa ya chai, ndimu mfukoni. Haikutosha, na nilikuwa naona haitoshi.

Uchungu ulimshika asubuhi na hadi mchana alikuwa amejifungua hospitalini, mtoto wa kike, mdogo, lakini analia vizuri. Kisha damu haikukata. Nilikuwa kwenye korido na kanga za kubadilisha. Nikaona nesi akitoka mbio, nikaona daktari akiingia, na kupitia mlango ulioachwa wazi nikauona mguu wa Yustina, mweupe kiasi kwamba sikuutambua. Daktari akatoka akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Akiba ya damu hakuna, wanahitaji mtu wa kutoa sasa hivi.

Profesa alikuwepo. Alikuwa amekuja na mfuko wa maepo. Akasimama, akauweka mfuko chini, akasema yeye ana presha. Daktari akamwambia presha inapimwa. Akasema pia usiku hakulala vizuri. Dada yake akasema kwao damu haitolewi ovyo. Nilijitolea mimi, wakanipima, kundi langu halikufaa. Nikakimbia. Sikumbuki njia, nakumbuka tu kwamba Mama Espe alikuwa anampimia mteja mchicha, na aliponiona akauacha mchicha mikononi mwa yule mteja na turubai lote wazi, akanifuata.

Kundi lake likafaa. Nesi alipotoka kutangaza hivyo, Profesa akamsogelea akamnong'oneza, lakini korido ya hospitali haina siri.

"Hakuna mwingine?" aliuliza.

"Yupo," akajibu nesi. "Wewe."

Profesa akaangalia dari. Aliangalia dari mpaka mlango ukafungwa nyuma ya Mama Espe. Nimeona wanaume wengi kwenye korido za wazazi, wanaolia, wanaosali, wanaozimia, waliolewa. Wote hao nimewasamehe. Yule aliyeangalia dari sijamsamehe, na kwamba sasa amelala kaburini hakujanilainisha.

Yustina alipona. Siku ya kumtoa hospitali, Profesa alisimama mlangoni na kuwaambia waliokuja kumpa hongera kwamba ni maepo. Kwamba bila yale maepo aliyomlisha miezi yote, mwili usingekuwa na nguvu ya kupambana. Alisema hivyo Mama Espe akiwa amesimama hatua chache tu pembeni amembeba mtoto. Wiki iliyofuata alisema dukani, mwezi uliofuata alisema kanisani, na mwaka ulipoisha ilikuwa habari inayojulikana. Mtoto akamwita Eva, kwa heshima ya tunda, bila kukumbuka kwamba habari ya Eva na tunda haikuishia vizuri. Matokeo yangu yalikuwa yametoka, nikaondoka kwenda chuo cha uuguzi. Yustina alinisindikiza mpaka kwenye treni. Nilimuuliza kwa nini asimwambie mbele za watu kwamba ni mwongo. Akasema, "Nitamwambia nani? Wote wananunua kwake."

Haya ndiyo niliyoyafikiria chini ya lile turubai, wakati Eva mwenyewe alipopewa kipaza sauti. Ni mtu mzima sasa, ana watoto, ana kazi nzuri. Akasema, huku machozi yanamtoka, kwamba yeye ni mtoto wa epo la baba yake. Nilinyanyuka. Nilikuwa nimeshapita viti kadhaa nilipomwona Yustina, pale mkekani na wajane wenzake, ananiangalia. Akatikisa kichwa mara moja tu. Nikakaa. Nilidhani anamlinda mume wake hata sasa, na nikiri kwamba kwa muda ule na yeye nilimdharau.

Matanga yalipoanuliwa alinipigia simu. Akasema Eva ana gari, twende Katumba. Mama Espe yu hai, siku hizi ni raia, amenenepa zaidi, miguu haimbebi sana. Alitupokea ndani, kwenye chumba chenye mikeka na kiti kimoja, na kiti akapewa Eva kwa sababu ndiye mgeni. Yustina akasubiri tumalize salamu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chini niliyoisikia kupitia ukuta wa stoo:

"Eva, siku ulipozaliwa mimi nilikuwa nakufa. Baba yako aliombwa damu akakataa. Huyu aliacha mboga zake barabarani akaja akatoa. Na kabla ya hapo alikuwa ananilisha kwa siri, matembele, chumbani kwake, mpaka baba yako akaja kunitoa. Sikukwambia alipokuwa hai kwa sababu ungeishi naye nyumba moja huku unajua. Sasa ujue."

Eva akanigeukia mimi. "Mama Skola, ni kweli?"

"Nilikuwepo," nikasema.

Nilitaka kuongeza mengine. Nilikuwa nayo tayari, yamepangwa kwa miaka, habari ya kitambaa puani, ya vidonge chooni, ya dari. Mama Espe akanitangulia. Akamuuliza Eva kama amekula tangu asubuhi. Eva akainuka kwenye kiti, akaketi chini mkekani kando ya Mama Espe, akauchukua mkono wake, akaukunjua na kuuangalia ndani ya kiwiko, pale sindano inapoingia. Nikatoka nje nikamsubiri Yustina garini.